Mafundi Wasioshika Sepetu

Katika misitu ya mashariki mwa Poland huonekana mara kwa mara watu wawili watatu wakisukuma kifaa cha magurudumu, mithili ya kigari cha mtoto mchanga. Wanakwenda mbele taratibu wakifuata kamba iliyolazwa chini, wakifika mwisho wanasogea pembeni kiasi cha nusu mita, kisha wanarudi. Mmoja wao habandui macho kwenye kioo kilichofungwa juu ya mpini. Watapita hivyo kutwa nzima, na jioni majani makavu ya msonobari yatakuwa yamelala vilevile yalivyokuwa asubuhi. Wanatafuta kaburi la halaiki, na sharti la kwanza la kazi yao ni kwamba walipate bila kulifukua.

Nimeifuatilia kazi hii vitabuni na katika taarifa za watafiti kwa muda mrefu, na kila nikiirudia naistahi zaidi.

Tukitaja mauaji ya kimbari ya Wayahudi katika Vita vya Pili vya Dunia, akili hukimbilia reli, kambi na tanuri: Auschwitz, Treblinka. Lakini kati ya Wayahudi milioni 6 waliouawa, kama milioni moja na nusu hadi milioni 2 walipigwa risasi, mji kwa mji na kijiji kwa kijiji, wakafukiwa palepale walipoangukia: kwenye machimbo ya mchanga, kando ya mto, nyuma ya shamba la mtu. Kambi ina uzio, ina makumbusho, ina mabasi ya wageni. Shimo la nyuma ya shamba lina miti tu na wakati mwingine viazi. Poland ilikuwa na Wayahudi wapatao milioni 3.3 kabla ya vita, na tisa katika kila kumi waliuawa. Kwa hiyo katika miji midogo mingi hakubaki hata ndugu mmoja wa kuuliza wenzake wamelazwa wapi. Swali hilo leo linaulizwa na watu wengine, miongoni mwao wakfu wa Zapomniane, yaani Waliosahauliwa, ulioanzishwa mwaka 2014, ambao hushirikiana na Tume ya Marabi ya Makaburi ya Wayahudi nchini Poland chini ya Rabi Mkuu Michael Schudrich.

Kwa nini wasichimbe? Katika sheria ya Kiyahudi, ardhi ya kaburi ni mali ya maiti. Mwenye shamba hana kauli juu yake, wala manispaa. Aliyekwisha kulazwa hasumbuliwi, na mfupa hauhamishwi ila kwa sababu chache mno. Msomaji wa mwambao hatapata tabu kulielewa hili, maana hata kwetu kufukua kaburi bila dharura inayokubalika kisheria ni haramu. Lakini kwa Wayahudi palizuka jambo la ziada lililozaa ufundi wenyewe, nalo ni kuweka alama. Kohani, mtu wa ukoo wa makuhani, haruhusiwi kupita juu ya kaburi. Basi lazima ajue kaburi linaanzia wapi. Mishna, mkusanyiko wa sheria uliokamilika karibu mwaka 200, inaeleza kwamba katika mwezi wa Adar, mvua zikielekea ukingoni, watu walitumwa kutia makaburi alama upya kwa chokaa iliyokorogwa maji, na wafafanuzi wanasema ni kwa kuwa mvua ilikuwa imeiosha ya mwaka uliopita. Marabi wa Talmud, mkusanyiko wa mijadala juu ya Mishna, wakabishana hadi juu ya mahali hasa pa kuiweka. Isikae juu ya kaburi lenyewe, maana mtu ataiona akiwa amekwisha kulikanyaga. Isikae mbali pia, maana utakuwa umepoteza ardhi njema bila sababu.

Hebu tulia hapo kidogo. Kwamba watu walikaa chini, karne nyingi zilizopita, wakapima kwa hoja umbali wa haki kati ya maiti na chokaa! Anayesukuma kile kigari msituni leo anashughulika na tatizo lilelile la ukingo. Akikosea ndani, watu watakanyaga walalao. Akikosea nje, atamnyang'anya mkulima kipande cha ardhi kisicho na kosa, na mkulima huyo hatamwambia tena lolote.

Kuna na wajibu wa pili. Kuhani mkuu wa zamani hakuruhusiwa kujitia najisi hata kwa maiti ya baba yake mzazi. Lakini akikuta njiani maiti asiye na mtu wa kumzika, lazima asimame na amzike kwa mikono yake. Maiti wa aina hiyo humtangulia kila mtu. Wale wa misituni ni wa aina hiyo, tena kwa maelfu.

Kazi huanzia kwenye karatasi. Mwaka 1945 mahakama za wilaya za Poland zilijaza hojaji: mauaji yalitokea wapi, lini, waliuawa wangapi, na miili imefukiwa wapi. Hojaji hizo zimehifadhiwa katika Taasisi ya Kumbukumbu ya Taifa, na ndiyo mahali pa kwanza pa kupekua. Zina thamani kubwa na zina udhaifu mkubwa, kwa sababu jibu laweza kusema "msituni" na kuishia hapo, na msitu una hekta mia tatu.

Karatasi nyingine ziliandikwa na Wayahudi wenyewe. Waliosalia, wakiwa wametawanyika New York, Buenos Aires na Tel Aviv, walikutana kwa miji yao ya asili wakaandika vitabu vya ukumbusho, aghalabu kwa Kiyidi na Kiebrania. Mamia kadhaa vilitoka. Ndani yake mna orodha za majina, picha za timu ya mpira, maelezo ya mwalimu mkali, na mara nyingi ramani ya mji iliyochorwa kwa kichwa: sinagogi, soko, kisima, daraja, nyumba ya mwoka mikate. Mitaa yenye mapenzi mengi huwa imechorwa mipana kuliko ilivyokuwa. Desturi yenyewe ni ya kale: jumuiya ya Nuremberg ilianza kitabu chake mwaka 1296, kikaorodhesha waliouawa tangu mauaji ya mto Rhine ya mwaka 1096, wapate kusomwa majina sinagogini. Mtafiti wa leo huisoma ramani ya mhamiaji huku ameifungua picha ya setilaiti pembeni, akitafuta daraja.

Kisha mashahidi. Hapa jina la kutaja ni la kasisi Mkatoliki wa Kifaransa, Patrick Desbois. Babu yake alifungwa kama mateka wa vita huko Rava-Ruska, leo magharibi mwa Ukraine, na mjukuu alipokwenda kupauliza mahali hapo akakuta watu wa mji hawataki kusema Wayahudi wamefukiwa wapi. Mwaka 2004 alianzisha Yahad-In Unum, shirika ambalo limewahoji maelfu ya wazee waliokuwa watoto wakati ule. Ninachokipenda katika mahojiano hayo ni ukavu wa maswali. Ulisimama wapi? Juu ya mti au nyuma ya uzio? Sepetu zilitoka kwa nani? Nani aliambiwa apike chakula cha wauaji? Mkokoteni ulikuwa wa nani? Mzee akiulizwa ulijisikiaje hujibu kwa yale aliyoyasikia redioni miaka hamsini iliyofuata. Akiulizwa mkokoteni ulikuwa wa nani, hunyamaza, halafu hutaja jina la jirani. Baadaye huombwa atembee na timu hadi mahali penyewe, na miguu yake hukumbuka kona ambayo mdomo uliisahau. Palipo na ruhusa, kifaa cha kutambua chuma hupitishwa juu ya udongo kutafuta maganda ya risasi. Ganda la Kijerumani lina muhuri wa kiwanda na mwaka nyuma yake, na hilo halina sababu ya kudanganya.

Baada ya mdomo, macho ya angani. Jeshi la anga la Ujerumani lilipiga picha nyingi za Ulaya mashariki, nazo zilitekwa na sehemu yake imo katika hifadhi ya taifa ya Marekani. Udongo uliochimbuliwa karibuni huonekana humo kama baka jeupe. Siku hizi kuna pia vipimo vya leza kutoka kwenye ndege, vyenye uwezo wa kuuondoa msitu wote kwenye picha na kuuacha uso wa ardhi mtupu, na mbonyeo wa nusu mita hujitokeza mahali ambapo mpita njia angeona majani tu. Kaburi la halaiki hudidimia, kwa sababu kilichokuwa ndani kimepungua. Mara nyingi mimea ya juu yake nayo hutofautiana na majirani zake, maana udongo umebadilika.

Hapo ndipo kigari kinapoingia. Rada ya ardhini haioni mfupa, ingawa filamu nyingi hutudanganya kwamba inaona. Hupeleka mawimbi chini na kupokea yanayorudi, na mawimbi hurudi pale ambapo aina moja ya udongo inakutana na nyingine. Mchanga uliolala bila kuguswa kwa miaka elfu una matabaka. Mtu akichimba shimo na kulifukia, matabaka yale hukatika, na hata yakifukiwa vizuri namna gani hayaungani tena. Rada huuona mkato huo: ukingo mmoja, sakafu, ukingo wa pili. Lakini udongo wa mfinyanzi, hasa ukiwa na maji, huyameza mawimbi yote. Mizizi hupiga kelele. Handaki la wanajeshi, pango la mnyama na shimo la kuhifadhia viazi vyote vina kingo. Fundi asiye mzoefu huona makaburi kila mahali. Mzoefu huandika kwamba eneo hili "linalingana na" kaburi, akaambatanisha ushahidi wa mzee na picha ya angani ya mwaka 1944, akaacha vitatu hivyo vishikane vyenyewe. Ripoti zao huudhi waandishi wa habari kwa sababu zimejaa "yamkini". Mimi hilo ndilo hunivuta kwao.

Caroline Sturdy Colls, mwanaakiolojia wa Uingereza, alianza kupima Treblinka kwa njia hizi mwaka 2010. Wanazi waliibomoa kambi hiyo mwaka 1943, wakapanda mimea juu yake na kujenga nyumba ya shamba, na kwa miongo kadhaa ilisemwa hakuna kilichobaki. Vipimo vilionyesha mashimo makubwa yakiwa palepale. Hakuyafungua. Alipochimba kwa uangalifu, alichimba palipokuwa na majengo.

Kule Ponary, nje ya Vilnius, Lithuania, kazi ilifanywa kwa umeme badala ya mawimbi ya rada. Wayahudi kama 70,000 waliuawa msituni humo. Mwaka 1944 wafungwa 80 walilazimishwa kuifukua na kuichoma miili ili kuficha ushahidi, na usiku usiku wakawa wanachimba njia ya chini kwa chini kwa vijiko na mikono. Tarehe 15 Aprili walijaribu kutoroka, na 11 wakaishi kuyasimulia. Mwaka 2016 timu iliyoongozwa na Richard Freund na Jon Seligman ilipitisha mkondo wa umeme ardhini, ikapima jinsi udongo unavyoupinga, na njia ile ikajitokeza, yenye urefu wa mita zipatazo 34. Simulizi ambayo wengine waliidhania hadithi ikathibitishwa bila kugusa mapumziko ya mtu.

Mpaka ukishajulikana, kazi huhamia kwa waashi, nao wana miiko yao. Mti ulioota juu ya kaburi hukatwa usawa wa ardhi, shina lake likaachwa lioze, kwa sababu mzizi ukingolewa huweza kuja na mfupa. Gari zito halipiti. Nguzo ya uzio inasimama nje ya mpaka, na msingi wa mnara vilevile. Ukitaka kusawazisha, unaongeza udongo, hupunguzi. Kati ya mwaka 2010 na 2015 mradi ulioanzishwa na shirika la American Jewish Committee, kwa fedha za serikali ya Ujerumani na usimamizi wa marabi kuhusu mipaka, ulijenga kumbukumbu tano magharibi mwa Ukraine: Rava-Ruska, Kysylyn, Ostrozhets, Prokhid na Bakhiv. Kazi ya namna hiyo humtaka msanifu aachane na nusu ya mazoea yake, maana katika kiwanja chote sehemu iliyo muhimu kuliko zote ndiyo asiyoruhusiwa kuitia mkono.

Zapomniane, ambao hawana fedha za kutosha kujenga kila mahali, husimamisha kwanza vibao vya mbao vyenye umbo la jiwe la kaburi la Kiyahudi. Mbao huoza, wanalijua hilo. Lakini wanakijiji maskini wa Kiyahudi nao walitumia mbao, na kibao kinachokuja mwaka huu kina faida kuliko mnara unaosubiri wafadhili.

Alama ina hatari yake pia. Baada ya vita watu walimiminika Treblinka na masepetu kutafuta meno ya dhahabu, na wizi wa namna hiyo uliendelea sehemu nyingine kwa miaka mingi. Unapomwonyesha mpita njia mahali pa kuweka kokoto lake la heshima, kama ilivyo desturi ya Kiyahudi, na mwizi naye amesikia. Ndiyo maana sehemu nyingine hufunikwa kwa tabaka la mawe. Na kuna wakati hatari ilitoka serikalini. Katika Umoja wa Kisovyeti minara ilitakiwa iseme "raia wa Kisovyeti wenye amani", bila neno Myahudi. Mara baada ya vita, mchonga mawe Mordukh Sprishen wa Minsk alichonga nguzo ya shimo la mauaji liitwalo Yama kwa maandishi ya Kiyidi yaliyotungwa na mshairi Chaim Maltinsky, yakiwataja Wayahudi kwa jina lao. Wote wawili waliishia katika kambi za wafungwa. Nguzo ilibaki, na ipo hadi leo.

Sitaki msomaji adhani kwamba mwiko wa kutofukua hauna gharama. Tarehe 10 Julai 1941, katika mji wa Jedwabne, Wayahudi walifungiwa ghalani na kuchomwa moto na majirani zao Wapoland, Wajerumani wakichochea. Mwaka 2001 wachunguzi walitaka kulifungua kaburi lao. Marabi wakapinga. Lech Kaczyński, wakati huo Waziri wa Sheria, akaruhusu lifunguliwe kwa sehemu tu, mifupa isiondolewe, na siku chache baadaye likafungwa. Wachunguzi walikadiria kuwa waliokufa hawakupungua 340, ilhali mnara wa awali ulitaja 1,600, na tangu hapo wapo wanaodai kufukua upya, wengi wao wakitumaini kuwa idadi ndogo itapunguza hatia ya mji. Kwa upande mwingine, mwaka 1990 Richard Wright, mwanaakiolojia wa Australia, alifukua kaburi la Serniki nchini Ukraine kwa ajili ya kesi ya jinai nchini mwake. Alikuta miili kama 550, wengi wanawake na watoto, pamoja na maganda ya risasi yenye miaka ya vita. Ushahidi ule ulithibitisha mauaji, ingawa mshtakiwa aliachiwa mwaka 1993.

Ningekuwa miongoni mwa walioamua kuhusu kaburi la Serniki mwaka 1990, ningekubali lifukuliwe, kwa kuwa palikuwa na mtu kizimbani. Leo washtakiwa wamekwisha kufa. Anayetaka kufukua Jedwabne sasa anataka kushinda mabishano, na hilo si dharura.

Wanyarwanda wamekwenda njia iliyo kinyume kabisa, nao si watu wasioheshimu wafu wao. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, manusura walitaka watu wao watolewe vyooni, visimani na mitaroni. Katika gacaca, mahakama za kijamii za Rwanda, waliokiri waliambiwa waonyeshe mashimo. Mifupa hutolewa, huoshwa, jamaa wakaitambua kanga au kiatu, ikazikwa upya kwa heshima wakati wa maombolezo. Gisozi, Kigali, wamelazwa watu zaidi ya 250,000. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 2004 kwa ushirikiano na Aegis Trust ya Uingereza, taasisi ya ndugu wawili, James na Stephen Smith, ambao mwaka 1995 walikuwa wamefungua kituo cha kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi huko Nottinghamshire baada ya kutembelea makumbusho ya Yad Vashem, Jerusalem. Ujuzi wa kuonyesha na kufundisha ulisafiri hivyo. Mwiko wa kutofukua haukusafiri, na haukupaswa: shimo la choo si kaburi, na kumtoa mtu humo ndiko kumzika.

Ila ugumu wa kuanzia ni mmoja pande zote mbili. Mwaka 2018, miaka 24 baada ya mauaji, mashimo yaligunduliwa chini ya nyumba za watu huko Kabuga, kando ya Kigali. Mabaki ya watu zaidi ya 80,000 yalizikwa upya mwaka uliofuata. Majirani wa muda wote huo walikuwapo na walikuwa na midomo.

Huko Poland na Ukraine, aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1942 sasa amevuka tisini. Mashahidi wanakwisha, na hojaji za 1945 zilikwisha kujazwa. Basi wewe msomaji, uwe Kivu, Bujumbura, Butare au kokote ambako wazee huinamisha sauti wakipita mahali fulani, usingoje wakfu uje na rada. Muulize mzee ni upande gani wa njia, hatua ngapi kutoka mti gani, na shamba lilikuwa la nani. Andika, weka tarehe, andika na jina la aliyekuambia akikubali, na nakala moja mpe mtu mwingine aitunze.